Siku Mchoma Bambo Alipochomwa Bambo

Vijana wangu wa ghalani, ninyi mnaopima korosho kwa kimashine kinachotoa namba kabla mtu hajamaliza kupiga chafya, wengi wenu mmeniuliza kwa nini baiskeli yangu haina kengele, na kwa nini nikifika kona ya soko hapa Ruangwa napiga mluzi kama refa. Nitawaeleza. Ila habari ya kengele haieleweki bila bambo, na habari ya bambo haieleweki bila Mzee Ntauka, kwa hiyo kaeni mkao wa kusikiliza.

Nimechoma bambo magunia milioni nne. Mke wangu, Mama Fadhili, akisoma hapa atasema nipunguze. Haya, milioni tatu na nusu.

Bambo, kwa mliokuja kazini baada ya mashine, ni chuma chenye ncha na mfereji katikati. La ufuta ni jembamba, la korosho ni nene na mfereji wake mpana. Unalichoma kwenye gunia lililokwisha kushonwa, unalizungusha, unalichomoa, nalo linatoka na punje za tumboni mwa gunia, zile ambazo mwenye gunia hakutaka uzione. Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu miaka ya tisini yote na kuendelea: mpima ubora wa ghala, kwanza Nachingwea, baadaye Ruangwa. Nikichoma bambo, mkulima anashika kofia. Nikitabasamu, anaivaa.

Aliyenifundisha ni huyo Mzee Ntauka, mtu wa Lionja, mkuu wa wapima ubora. Alikuwa mrefu, nikimwangalia usoni nilikuwa naona ndege. Mimi nilitoka Matambarale na cheti cha darasa la saba na suruali moja. Ukoo wake na ukoo wetu walikuwa watani tangu enzi za mababu, wakizikana na kunyang'anyana kuku misibani, kwa hiyo tangu siku ya kwanza alikuwa na ruhusa ya kunitukana na mimi nilikuwa na ruhusa ya kumjibu, ingawa alikuwa bosi wangu na umri wa baba yangu. Ofisi nyingi zingeenda vizuri zikiendeshwa hivyo.

Msimu wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo bado linanichekesha. Mjomba wangu alileta gunia kutoka kijijini. Ninyi mnajua mjomba kwetu ni nani; ndiye aliyenipeleka jando, na mbele yake hata kukohoa naomba ruhusa. Gunia lenyewe lilikuwa jipya, limeshonwa kwa uzi mpya, limenyooka kama askari wa gwaride. Nikaona aibu kulichoma. Nikalipitisha daraja la kwanza kwa macho. Ntauka akaja nyuma yangu na bambo, akachoma chini kabisa, akachomoa. Ukatoka mchanga, na kijiwe, na kitu nadhani kilikuwa kipande cha kandambili. Hakunifokea. Alinikalisha juu ya gunia lile asubuhi nzima, na kila mkulima aliyeingia nilitakiwa kumwambia: mimi ndiye mpima ubora, na hili ndilo gunia nililolipitisha. Nilisema maneno hayo mara elfu mbili. Mjomba naye alisimama mlangoni akanisikiliza, halafu akaondoka bila kuaga.

Alinifundisha mengine pia. Chukua konzi ya korosho, itikise karibu na sikio. Kavu zinagongana kama karanga kwenye kopo, zilizolowekwa zinanung'unika. Nusa mkono, usinuse gunia. Choma pande tatu, juu, katikati na chini, maana mwenye hila haweki hila mahali pamoja. Na nawa mikono kabla ya kwenda haja ndogo, siyo baada, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Hilo la mwisho nililipuuza siku moja tu. Nilicheza nyuma ya ghala ngoma ambayo haijapata jina hadi leo, na watu wawili walinitunza.

Ila sheria yake kubwa ilikuwa neno moja: Rudia. Mkulima akikataa daraja alilopewa, hana haja ya kugombana wala kumjua mkubwa yeyote. Anasema "Rudia", na wewe mpimaji, hata uwe umechoka namna gani, unachoma upya pande zote tatu, mbele ya macho yake, na unamweleza ulichokiona. Wapo waliolalamika kwamba inachelewesha kazi. Ntauka akawaambia gunia ni la mkulima, siyo la bambo. Nimewaona mabibi wa miaka themanini, Kiswahili chenyewe wanakibahatisha, wanasimama mbele ya wanaume sita wenye makoti ya kazi na kusema Rudia, na tunarudia.

Sasa fikeni hapa na mimi. Katikati ya miaka ile ya tisini Ntauka alianza kwenda chooni sana. Mwanzo tuliona ni chai. Halafu akaihamisha meza yake kutoka karibu na mzani akaiweka mlango wa nyuma, hatua kumi kutoka chooni. Akirudi anakaa dakika mbili, anaondoka tena, na huko anakaa muda mrefu, kisha anasikika akilalamikia mkojo kama mtu anayembembeleza mbuzi atoke zizini. Mimi, mtani wake, niliona nimepata shamba. Nilimwita Bwana Umwagiliaji. Niliwatangazia wakulima kwamba mikorosho iliyoko nyuma ya ghala itazaa mara mbili kwa mwaka. Alicheka. Kila mtu alicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Alikwenda zahanati moja, ipi haina haja, akapewa vidonge vya kichocho. Akarudi, akapewa tena vya kichocho. Mara ya tatu wakamwambia ni uzee, wazee wote wako hivyo, akashukuru akarudi kazini. Yule yule aliyewafundisha wakulima wa wilaya nzima kusema Rudia, mwenyewe alipofika mbele ya koti jeupe alisema ahsante. Na sisi tuliokaa naye kila siku hatukumwuliza, kwa sababu mambo ya huko chini, tofauti na mzaha, hatukuwa na namna ya kuyazungumza. Jando tulifundishwa kuvumilia. Hatukufundishwa kuuliza.

Mgongo ulipoanza kumuuma hadi akashindwa kuinama, ndipo alipopelekwa mbali, na huko wakasema ni saratani ya tezi dume, na imekwisha kuingia kwenye mifupa.

Nilikwenda kumwona Lionja. Alikuwa amelala kwenye mkeka uani, urefu wote ule, miguu imetoka nje ya mkeka. Dada yake, Bi Somoe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule, alikuwa anamkanda mgongo. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Ntauka akaniona akasema, "Mtani, umekuja kuangalia umwagiliaji?"

Nikaketi chini karibu na miguu yake.

"Ulinicheka vizuri," akasema. "Sikulaumu, na mimi ningekucheka. Lakini faini ya utani utalipa."

Nikamwambia ataje, kuku, mbuzi, chochote.

"Sitaki kuku. Ukifika miaka hamsini, nenda kapimwe. Usisubiri mwili uanze kudai, mimi nilisubiri. Na wakikuambia huumwi, sema lile neno."

"Neno gani?" nikamwuliza, na huo ulikuwa ujinga mtupu, maana nililijua.

"Somoe," akasema kwa dada yake, "huyu nilimfundisha kazi miaka minane."

Alizikwa kabla ya msimu kufunguliwa. Sasa mnajua kwetu msiba wenye watani haupoi. Mimi nilivaa gunia, nikajilaza kaburini nikisema hatutoshi wote wawili kwa urefu wake, watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Nilipotoka makaburini sikuiona baiskeli yangu. Bi Somoe alikuwa ameikamata. Alikuwa ameifunga kamba kwenye nguzo ya nyumba yake, na akatangaza mbele ya waombolezaji kwamba hiyo ni dhamana ya faini ya kaka yake, na nitaikomboa kwa karatasi ya hospitali. Siyo kwa maneno wala kwa jogoo. Mali iliyokamatwa na watani huwezi kwenda kuidai serikalini. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe aliniambia niende nikapimwe.

Nilikuwa bado sijafika hamsini, kwa hiyo nilijiona nina muda. Nikahamishiwa Ruangwa. Nikaanza shule ya jioni, na huko ndiko mwalimu wa biolojia alipochora ubaoni kitu chini ya kibofu, akasema hii ndiyo tezi dume, ukubwa wake kama korosho nono yenye ganda, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Darasa zima la watu wazima likaangua kicheko, wenye ndevu, wenye wajukuu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza mrija unaobanwa na gunia linalovimba. Nikanyoosha mkono nikauliza kama mtu anaweza kuwa nayo mbovu bila kujua. Mwalimu akasema anaweza, miaka. Nikaandika kwenye daftari nikapiga mstari, halafu nikafaulu mtihani na sikwenda kupimwa.

Ndiyo, vijana. Nilifika hamsini, nikafika hamsini na mbili. Sababu nilizokuwa nazo zingejaza ghala. Msimu umechanganya. Njia imekatika kwa mvua. Namungo wanacheza fainali. Lakini sababu ya kweli ilikuwa ile aliyoitaja Bi Somoe siku ya harusi ya binti yangu.

Alikuja kutoka Lionja hadi Ruangwa na baiskeli yangu juu ya basi. Alikuwa ameipamba maua na karatasi za rangi, akaisukuma mwenyewe hadi katikati ya wageni, shehe yupo, wakwe wapo, mwajiri wangu yupo. Watu wakapiga vigelegele wakidhani ni zawadi. Akainua mkono wakanyamaza.

"Hii ni baiskeli ya baba wa bibi harusi," akasema. "Iko kwangu tangu kaka yangu azikwe. Mwenyewe haji kuikomboa kwa sababu anaogopa kidole cha daktari."

Kisha akaigeuza akarudi nayo.

Sijui ndoa yenyewe iliishaje, nasikia walioana. Wageni walipoondoka, Mama Fadhili akaniambia kwamba amechoka kupanda nyuma ya baiskeli za watu, na kwamba yeye hana nguvu za kunikanda mgongo kama Somoe alivyomkanda kaka yake. Alisema akiwa anaosha sufuria, amenipa mgongo. Sufuria ile aliiosha hadi ikakonda.

Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa kwenye benchi la hospitali. Jina naliacha. Tabibu aliyenipokea alikuwa kijana mpole, amechoka, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu kufika Msumbiji. Akaniuliza kama napata shida kukojoa. Hapana. Damu kwenye mkojo? Hapana. Mgongo? Mgongo ni wa mbeba magunia, nikasema, lakini hapana.

"Sasa mzee wangu, unaumwa nini?"

"Siumwi. Nimekuja kabla."

Akafunga daftari kwa upole. Akaniambia nina afya kuliko yeye, niende nyumbani nikale mboga, dalili zikitokea nirudi. Nikasimama. Niliona raha ambayo siwezi kuwaelezea. Nimekwenda, nimefukuzwa, faini imelipwa, dhamiri safi. Nilifika mlangoni na ahsante iko ulimini. Na pale pale mkono ukiwa kwenye kitasa nikaiona sura ya Ntauka akitoka kwenye mlango kama ule, mara tatu, akisema neno lile lile.

Nikarudi nikakaa.

"Rudia," nikasema.

Kijana akanitazama. Nikamweleza. Kwamba mimi ni mchoma bambo, kwamba gunia zuri kuliko yote niliyowahi kupokea lilikuwa na kandambili ndani, kwamba rafiki yangu alipewa vidonge vya kichocho mara mbili na uzee mara moja, na kwamba mimi nina haki ya kuchomwa pande tatu mbele ya macho yangu. Kama kipimo hakipo hapa, naomba barua ya rufaa niende kilipo. Nilisema kwa heshima, shikamoo tu sikumpa kwa sababu ya umri. Akacheka, akakuna kichwa. Akaandika barua. Aliposaini akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama baba yake naye aende. Nikamwuliza baba ana miaka mingapi. Sitini. Nikamwambia andika mbili.

Kwa hiyo nikaenda Dar es Salaam, kwa basi lililokwama matopeni mara arobaini na saba. Daktari wa huko alikuwa na vidole kama mihogo ya Lionja. Nilipoviona nilitaka kumwachia Bi Somoe baiskeli pamoja na tairi za akiba. Lakini sikilizeni, na hapa siongezi chumvi: kile kidole ambacho kilinichelewesha miaka miwili kilichukua muda mfupi kuliko kuvua viatu. Nilikuwa bado navuta pumzi ya kuanza kuvumilia, akasema vaa. Nilisikitika kidogo kwa ujasiri wote niliokuwa nimeuleta bure.

Kidole hakikuona kitu. Kipimo cha damu ndicho kilichopanda, kidogo. Daktari akasema huenda si kitu, wengi wa umri wangu hupanda hivyo kwa uvimbe wa kawaida, tuangalie tena mwakani. Nikamwuliza hicho kidogo ni kidogo cha namna gani. Akanionyesha namba. Nikamwuliza kuna njia ya kujua mapema zaidi. Akasema ipo, kurudia damu baada ya wiki kadhaa, na ikibaki juu, kuchukua vinyama kwa sindano. Nikamwambia gunia likiwa na unyevu kidogo mimi huwa silirudishi ghalani nikasubiri mwakani. Nikakaa kwa shemeji yangu Temeke wiki hizo zote, hadi watoto wake wakadhani mimi ndiye mwenye nyumba. Damu ikarudiwa. Ilikuwa juu zaidi.

Siku ya sindano nilimwomba daktari anionyeshe. Vijana, lilikuwa bambo. Naapa. Jembamba, la ufuta, lakini ncha ipo na mfereji upo. Nikamwuliza anachoma wapi. Akasema juu, katikati na chini, kulia na kushoto. Nikacheka hadi muuguzi akanishika bega nisitikisike. Milioni tatu na nusu nimezichoma mimi, na leo gunia ni mimi. Inauma? Inauma kiasi cha kumkumbuka mama, siyo kiasi cha kumwita.

Majibu yalikuja. Saratani ilikuwemo, upande mmoja tu, ndogo, bado iko ndani ya ganda lake. Daktari akasema maneno mengi, nami nilishika moja: imewahiwa. Nikapigwa mionzi wiki nyingi, nikachoka, nikawa nakwenda chooni kama marehemu, na kila nikienda nilikuwa namwomba radhi.

Si kila damu ikipanda ni saratani. Wenzangu wawili wa benchi moja walirudi kwao na uvimbe wa kawaida tu. Na ukiwa na baba au kaka aliyeugua, usingoje hamsini, anza mapema kumwuliza daktari. Ulizeni hata mkionekana wasumbufu. Mimi nimesumbuliwa na wakulima miaka yote na sijamchukia hata mmoja, isipokuwa mjomba.

Nilipopata nguvu nikapanda basi hadi Lionja, karatasi imekunjwa mfukoni mwa shati. Bi Somoe aliisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akaniuliza hii tarehe hapa chini ni ya nini. Nikamwambia ni ya kurudi, kila mwaka damu itapimwa kuona kama haijarudi. Akaingia ndani. Nikasikia spana. Akatoka na baiskeli, kuku alikuwa ametagia kwenye karia, na haikuwa na tandiko.

"Tandiko mwakani," akasema, "ukileta karatasi nyingine."

Niliendesha mwaka mzima nimesimama kama mcheza sarakasi. Mwaka uliofuata nikapewa tandiko, akafungua breki akabaki nazo. Halafu breki, akabaki na taa. Halafu stendi, halafu pedeli ya kushoto, ambayo naomba asirudie tena. Kila mwaka nakwenda na karatasi safi, ananikaribisha uji, ananitukana kwa niaba ya kaka yake, ananipa kipande. Sasa amebaki na kengele tu. Juzi nilimwona, amezeeka, sauti bado ya shule. Nikamwuliza, kengele ikitoka mwakani, faini itakuwa imekwisha?

Akaiangalia baiskeli, magurudumu yote mawili.

"Mwakani uje na spana," akasema. "Tutaanza kufungua spoki, moja kila mwaka."

Jana niliipindua baiskeli uani nikazihesabu. Mbele thelathini na mbili, nyuma arobaini. Mama Fadhili alichungulia dirishani akaniuliza nacheka nini peke yangu.